Ugumba: Mume Naye Apimwe
Tunapotembelea sharika hukutana na akina mama wanaosimangwa kwa kukosa mtoto, ilhali mume hajapimwa. Yeye husema nguvu anazo. Lakini ipo hali, adimu sana, ambapo mbegu za kiume zaweza kuwa nyingi na bado mimba isitungwe. Vichwa vyake ni mviringo kama mpira, havina ile kofia yenye vimeng'enya vya kupenya utando wa yai. Mara nyingi chanzo ni kasoro ya kurithi katika jini liitwalo DPY19L2, iliyobainishwa mwaka 2011. Wengine huiita laana! Dawa ya kumeza haiirekebishi. Baadhi ya wanandoa hupata mtoto baada ya mbegu kudungwa ndani ya yai maabara, huduma ya gharama kubwa. Tunaomba kamati ziwahimize wanandoa kwenda hospitali wote wawili, na mbegu zitazamwe umbo, zisihesabiwe tu.