Biblia Katika Sheria za Kwanza za Marekani

Yamkini umepata kusikia watu wakibishana juu ya Marekani. Hawa husema taifa lile limejengwa juu ya Biblia. Wale husema waasisi wake walitaka dini ikae mbali na serikali. Ukitaka kujua ukweli, acha mabishano. Chukua sheria zenyewe uzisome, Biblia ikiwa karibu nawe.

Anza na koloni la Massachusetts, mwaka 1641. Waingereza waliohamia huko walikuwa Wapuritani, watu wa ibada kali. Sheria zao zilitungwa hasa na mchungaji Nathaniel Ward, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuingia uchungaji. Makosa ya kuhukumiwa kifo yaliorodheshwa, na karibu kila kosa likawekewa aya yake ya Maandiko. Lakini usidhani yalikuwa makali tu. Sheria hizo zilisema mtu asiuawe bila mashahidi wawili au watatu, au uthibitisho ulio sawa na huo. Wala asichapwe zaidi ya viboko 40. Fungua Kumbukumbu la Torati, mlango wa 17 na wa 25, utayaona yalikotoka. Mshtakiwa maskini alipata kinga kwa Neno la Mungu.

Upanga wa serikali ulipowekwa mkononi mwa kanisa moja, mambo yaligeuka. Mwaka 1647 mapadre Wajesuiti walipigwa marufuku. Kati ya 1659 na 1661 wafuasi wanne wa madhehebu ya Quaker (ndio wale ambao magharibi ya Kenya wanajulikana kama Kanisa la Marafiki) walinyongwa mjini Boston, mmoja wao mwanamke, Mary Dyer. Walikuwa wamefukuzwa kwa ajili ya imani yao, nao wakathubutu kurudi. Wakristo waliwanyonga Wakristo, tena kwa sheria.

Huko Virginia nako, miaka ya 1760 na 1770, wahubiri Wabaptisti walitiwa gerezani kwa kuhubiri bila kibali. Kijana mmoja wa huko, James Madison, alichukizwa sana na jambo hilo, naye ndiye aliyekuja kuwa na mkono mkubwa katika Katiba. Sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson ilipopitishwa Virginia mwaka 1786, Wabaptisti na Wapresbiteri walikuwa wameililia kwa barua nyingi za maombi. Hapo ndipo wabishanaji wengi hukosea. Walioitaka serikali isishike kanisa hawakuwa makafiri peke yao. Wengi walikuwa watu wa sala, waliojua harufu ya gereza.

Basi Katiba ya 1787 haikusimamisha kanisa lolote. Kifungu cha 6 kinakataza kumpima mtu kwa dini yake kabla ya kumpa cheo cha serikali. Imani imebaki humo kwa alama ndogo: Rais hupewa siku 10 za kuutazama mswada, Jumapili hazihesabiwi, na tarehe imeandikwa kuwa ni mwaka wa Bwana wetu.

Sasa tufike penye uchungu. Kutoka 21 huamuru kifo kwa mwenye kuiba mtu na kumwuza. Massachusetts waliiandika amri hiyo mwaka 1641, pamoja na aya yake. Katika sheria zilezile wakaruhusu watumwa: mateka wa vita vya haki, na wageni waliojiuza au kuuzwa kwao. Mwafrika aliyeibwa kwao na kupitishwa mikononi mwa wafanyabiashara watatu wanne alihesabiwa kuwa mgeni aliyeuzwa. Msomaji, hapo aya ilikuwapo, macho yakakataa kuisoma.

Waliotunga Katiba walifanya zaidi. Torati, mlango wa 23 wa Kumbukumbu, hukataza kumrudisha mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Akae atakapopenda, wala asionewe. Kifungu cha 4 cha Katiba kiliamuru kinyume chake: mtoro arudishwe kwa mwenyewe, hata akiwa amefika jimbo lisilo na utumwa. Wakristo waliowaficha watoro majumbani mwao usiku walikuwa wakiitii Torati na kuivunja sheria ya nchi, na hali ilikuwa hivyo mpaka utumwa ulipofutwa kwa badiliko la 13 la Katiba, mwaka 1865.