Mwendo na Mwenendo: Mwili Wasema Nini Juu ya Mtu?

Maneno mwendo na mwenendo yana asili moja, nayo ni kitenzi -enda. La kwanza lahusu hatua za miguu. La pili lahusu tabia. Ukaribu huo huenda ndio uwafanyao wengi kudhani kwamba aliyeuona mwendo wa mtu amekwisha kumjua mwenyewe: kabila lake, ukoo wake, hata moyo wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwili husema mengi, lakini si yote hayo.

Tuanze na msamiati. Mtu huchechemea, hupepesuka, hunyata au huenda kwa madaha. Kuchechemea kwatupa habari ya mguu. Kupepesuka, habari ya nguvu zilizopungua kwa ugonjwa, uchovu au ulevi. Kunyata, habari ya nia. Madaha, habari ya jinsi mtu apendavyo kutazamwa. Hakuna hata moja kati ya maneno haya litajalo kabila.

Pili, mwendo ni mafunzo. Marcel Mauss, mwanazuoni wa Ufaransa, alieleza katika mhadhara wake wa 1934 kwamba kutembea na kuogelea ni mambo ambayo mtu hufunzwa na jamii yake. Mfano tunao Manyatta, kaskazini ya mji wa Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya. Mwanamke aliyezoea kubeba kuni mgongoni, kwa ukanda upitao kwenye paji la uso, huinamisha kiwiliwili na kufupisha hatua. Aliyezoea kubeba kichwani hunyosha shingo na mgongo. Mwaka 1986, Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikuyu, watumiao ukanda kama Waembu. Ilionekana kwamba wote waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili pasipo kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Basi, tuuitao mwendo wa kabila ni mwendo wa mzigo. Binti asiyewahi kubeba kuni hana mwendo huo, ijapokuwa ni wa ukoo ule ule.

Tatu, historia yatuonya. Tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil mjini Nairobi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa kwa maelfu ili wachujwe. Lau mwili ungalitangaza asili na imani ya mtu, kuwatazama tu kungalitosha. Haikuwa hivyo: walidaiwa hati, na wengi walipitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia, macho tu yakionekana. Gunia likiinama mara moja, aliyesimama mbele yake aliweza kupelekwa kizuizini. Ishara ndogo ya mwili ilichukua mahali pa ushahidi.

Kwa hiyo, hapana budi tutenganishe mambo mawili. Mwendo ni shahidi mwema wa kazi, umri, afya na malezi. Juu ya asili ya mtu na yaliyomo moyoni mwake, hauna ushahidi wa kutosha. Huko mwenendo ndio uulizwe, nao hujulikana kwa kuishi na mtu, si kwa kumtazama akipita njiani.