Mtaani wote huitwa 'dokta': Njia ya kijana wa Moshi kuwa mtaalamu wa afya ya mifugo

Ng'ombe amegoma kula tangu jana jioni. Masikio yamelegea, maziwa yameshuka kutoka lita nane hadi mbili, na mwenye banda huko Kibosho anashika simu kumtafuta 'dokta'. Nusu saa baadaye pikipiki inapanda kilima. Jamaa anashuka na begi, anauliza maswali mawili, anavuta dawa kwenye sindano, anadunga, analipwa na kuondoka.

Swali ambalo wafugaji wengi hawaulizi: huyu dokta kasomea wapi?

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro swali hilo lina uzito wake. Kuanzia Machame hadi Marangu na Rombo, familia nyingi hufuga ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, tena ndani ya banda. Ardhi ya kihamba ni ndogo, malisho hakuna, kwa hiyo majani hukatwa na kubebwa hadi bandani, na migomba nayo hugeuzwa chakula. Ng'ombe huyo ndiye maziwa ya watoto, samadi ya migomba na kahawa, na mara nyingi ada ya shule. Akifa, hakuna kundi la kufidia.

Na mtu anayefika bandani kwanza mara nyingi si daktari wa mifugo mwenye shahada. Ni mtaalamu wa ngazi ya kati, mwenye cheti au diploma. Hii ni kazi yenye nafasi kwa vijana, lakini wengi hawajui inasomewaje na inaishia wapi.

'Dokta' wa aina tatu

Mtaani jina ni moja, ila watu ni tofauti.

Wa kwanza ni daktari wa mifugo. Huyu amesoma shahada ya tiba ya wanyama kwa miaka mitano, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, na amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania.

Wa pili ni mtaalamu msaidizi wa veterinari. Ana astashahada au stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo. Akiajiriwa serikalini, cheo chake huwa Afisa Mifugo Msaidizi, yule ambaye wazee bado wanamwita 'bwana mifugo' hata akiwa mwanamke.

Wa tatu hajasomea. Ni muuza dawa, au jirani aliyeona sindano zikichomwa miaka mingi akajua kuchoma. Mkono wake unaweza kuwa mwepesi kuliko wa mhitimu wa jana. Anachokosa ni kujua ugonjwa gani uko mbele yake.

Ndigana mbili, dawa mbili

Mfano mzuri ni ndigana. Wafugaji hutaja jina hilo kama ugonjwa mmoja, lakini ni magonjwa mawili yanayoletwa na kupe.

Ndigana kali husababishwa na kimelea kinachoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Joto la ng'ombe hupanda kupita nyuzi 40, wakati la kawaida huwa karibu nyuzi 38.5. Tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, kisha mnyama huanza kukohoa na kuhema kwa shida.

Ndigana baridi hushambulia damu. Ng'ombe ana homa pia, lakini ukifunua kope unakuta weupe au umanjano, na kinyesi huwa kigumu na kikavu.

Sasa tatizo liko hapa. Antibiotiki ya oksitetrasaikilini, ambayo wengi huifahamu kama OTC na haikosekani kwenye maduka ya dawa za mifugo, hufanya kazi kwa ndigana baridi. Kwa ng'ombe ambaye tayari anaumwa ndigana kali, haitoshi kumponya. Huyo anahitaji dawa nyingine, kama buparvakwoni, na anaihitaji mapema.

Aliyejifunza sindano bila kujifunza ugonjwa atachoma OTC kwa wote wawili. Mmoja atapona na sifa zitaenea kijijini. Mwingine atakufa, na watu watasema siku yake ilifika.

Homa inayohamia kwa watu

Makosa ya bandani hayaishii bandani. Moshi ina ushahidi wake.

Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari walidhani 528 kati yao, yaani zaidi ya asilimia 60, wana malaria. Vipimo vilipokamilika, malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa wagonjwa 14 tu.

Kwa wengine homa ilikuwa na chanzo tofauti. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayohusiana na wanyama, karibu mmoja kati ya wanne alikutwa nayo. Orodha ilikuwa na brusela, ambayo wafugaji huijua kama ugonjwa wa kutupa mimba. Homa ya Q. Magonjwa ya kuenezwa na kupe. Na leptospirosisi, ambayo Watanzania waliizoea kwa jina la Homa ya Mgunda baada ya mlipuko wa Lindi mwaka 2022.

Baadhi ya magonjwa hayo hupita kwenye maziwa yasiyochemshwa, mengine kwenye mkojo wa wanyama, mengine kwenye kondo la nyuma na majimaji ya ng'ombe au mbuzi anayezaa. Mtu wa kwanza kushika vitu hivyo ni mfugaji. Wa pili ni huyo mtaalamu aliyeitwa kusaidia kuzalisha. Ndiyo maana glavu hufundishwa chuoni kama sehemu ya kazi. Mtaani wapo wanaoziona kama mbwembwe.

Anasomea wapi?

Njia inayojulikana zaidi ni Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA), iliyo chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Kampasi zake zimesambaa nchini: Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba, Temeke, Mabuki na Kikulula.

Kwa kijana wa Moshi, ya karibu ni Tengeru, kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha. Vipo pia vyuo visivyo vya serikali, na ndani ya mkoa kuna Chuo cha Kilimo na Mifugo Kilacha, upande wa Himo.

Angalizo: wapo wanaochanganya masomo haya na yale ya Chuo cha Mweka, kilichopo Moshi tangu 1963. Mweka hufundisha usimamizi wa wanyamapori. Ni fani nyingine, na ajira zake ni nyingine.

Ngazi za masomo ni tatu, chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET):

• NTA 4: Astashahada ya Awali, mwaka mmoja
• NTA 5: Astashahada, mwaka wa pili
• NTA 6: Stashahada, mwaka wa tatu

Aliyemaliza kidato cha nne huanzia chini. Kwa kawaida anatakiwa awe na ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na masomo ya sayansi, hasa Baiolojia na Kemia, ndiyo yanayoangaliwa. Sifa kamili za kila chuo hutolewa kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, na huo ndio wa kusoma kabla ya kumsikiliza mtu yeyote wa mtaani.

Kuhusu ada, kuna habari njema kiasi. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na kilimo na mifugo zimo. Mkopo una masharti yake, kwa hiyo si kila anayeomba anapata.

Darasani na bandani

Nadharia ipo: viungo vya mwili, vimelea, dawa, lishe, malisho. Ila anayefikiri atamaliza chuo akiwa na mikono safi amepotea njia. Mwanafunzi hujifunza kumfunga na kumlaza ng'ombe kwa kamba bila kumuumiza, kukata kwato, kuhasi, kuogesha dhidi ya kupe na kukagua nyama machinjioni.

Hujifunza kupima ugonjwa wa kiwele kwa sahani yenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu. Maziwa yanachanganywa na dawa ya kupimia. Yakivutana kama ute, chuchu hiyo ina tatizo, hata kama kwa macho maziwa yanaonekana safi.

Hujifunza hesabu pia. Dozi hutolewa kwa uzito. Ndama wa kilo 60 na ng'ombe wa kilo 350 hawawezi kupewa kipimo kimoja. Ukipunguza dozi ili chupa ifike mbali, unalea vijidudu sugu.

Halafu kuna sehemu ambayo mfugaji haipendi: maziwa ya ng'ombe aliyechomwa antibiotiki hayauzwi wala kunywewa hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Kumwaga maziwa kunauma. Lakini mabaki ya dawa huingia kwa mnywaji, na hata mgando hauji sawasawa, kwa sababu dawa huua bakteria wanaogandisha.

Uhimilishaji nao unalipa kwa anayeujua. Mbegu hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, njia ileile ya Arusha. Kazi inahitaji kujua saa: ng'ombe aliyeonyesha joto asubuhi hupandishwa jioni. Ukikosea, unasubiri takribani siku 21 nyingine, na mfugaji anaendelea kulisha ng'ombe asiye na mimba.

Kujua pa kuishia

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka watu hawa watambuliwe. Daktari husajiliwa, mwenye stashahada huandikishwa na mwenye astashahada huorodheshwa na Baraza la Veterinari. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi kuanza kutibu. Mtaalamu msaidizi hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa, na kuna kazi ambazo lazima amwachie huyo daktari, mfano upasuaji mkubwa.

Wengine huona hiyo ni kubanwa. Fikiria kimeta. Ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na njia ya haja kubwa. Mwenye ng'ombe anataka apasuliwe ijulikane kilichomuua, au nyama igawanywe isiharibike. Aliyesoma anajua kisu kisiguse mzoga huo. Ukipasuliwa, vijidudu hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi, na anayekula au kushika nyama anaweza kufa. Mtaalamu anatoa taarifa kwa daktari wa wilaya, mzoga unateketezwa au kufukiwa kwa kina.

Hapo hakuna sindano iliyochomwa wala hela iliyolipwa, na huenda kijiji kizima kikamnunia. Lakini kazi ya siku hiyo imefanyika.

Ajira ziko wapi?

Serikalini, nafasi za maafisa mifugo wasaidizi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na waajiri wakubwa ni halmashauri. Ushindani ni mkali na kusubiri kunaweza kuchukua muda.

Nje ya serikali kuna mashamba ya maziwa na kuku, vyama vya ushirika vya wafugaji, maduka ya dawa za mifugo, vituo vya kukusanya maziwa na maabara. Wengine hununua pikipiki na kasha la baridi la chanjo, wakajenga wateja kata kwa kata. Mapato hupanda na kushuka, na masika njia za mlimani huteleza. Simu ya ng'ombe anayezaa inaweza kuja saa nane za usiku.

Anayetaka kuendelea anaweza, kwa matokeo mazuri ya stashahada, kuomba shahada.

Mfugaji naye aulize

Turudi Kibosho, kwa yule ng'ombe aliyegoma kula. Mtaalamu aliyefundishwa vizuri hafungui chupa kwanza. Ataweka kipimajoto. Atapapasa chini ya sikio na mbele ya bega. Atafunua kope, atatazama kinyesi, atauliza mara ya mwisho kuogesha ilikuwa lini. Akitibu ataandika dawa na kipimo, na atasema maziwa yasitumike hadi siku gani.

Inachukua dakika kumi na tano zaidi. Wakati anafanya hayo, mwenye banda ana haki ya kuuliza kwa heshima: dokta, umesomea wapi, na Baraza linakutambua? Aliyesoma hawezi kukasirika. Kitambulisho kiko mfukoni.