Kitanda na fotei kwa fundi wa kartie: avansi yetu inaenda wapi?

Kuna lalamiko moja linalorudi karibu katika kila kikundi, iwe Katindo, Majengo au Ndosho. Mama ameagiza kitanda au fotei kwa fundi, ametoa avansi, fundi amesema juma mbili, na sasa mwezi wa tatu unaisha. Kila anapopita kwenye atelie anaambiwa "kesho kutwa". Wengine wamechoka. Wanasema afadhali kununua vitu vilivyokwisha kutengenezwa, vile vinavyotoka Dubai na China, hata kama ni kwa deni.

Hasira yao tunaielewa, lakini shauri lao hatulikubali. Makabati mengi ya kuletwa yametengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa kole. Siku ya kwanza yanapendeza kweli. Maji yakiyagusa miguuni yanavimba, na skrubu ikitoka haishiki tena mahali pake. Sisi tunakaa karibu na ziwa, wengi wetu katika nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano, na mvua ikinyesha unyevu unaingia. Kitanda cha muvula kilichoungwa vizuri, mama anakilalia na binti yake anakirithi. Tena franga zake zinabaki hapa: kwa mwenye kuuza mbao, kwa kijana wa chukudu, kwa fundi, kwa mama anayeshona vitambaa vya fotei.

Basi tuangalie avansi inaenda wapi. Mafundi wengi hawana mtaji. Ukimpa avansi leo, anainunulia mbao za kitanda cha mteja aliyekutangulia, sababu avansi ya yule ilikwisha kwa kodi ya atelie, kwa chakula cha watoto, au kwa mteja mwingine tena. Kitanda chako kitamalizika siku mtu mwingine ataleta avansi yake. Wateja wakipungua, kama mwaka 2025 benki za Goma zilipofungwa na makuta yakakosekana mikononi mwa watu, mnyororo wote unakatika na wa mwisho anapoteza. Mara nyingi fundi si mwizi. Lakini kwa mama aliyeweka akiba miezi kumi, tofauti hiyo haimsaidii.

Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni kwenda pamoja na fundi kununua mbao. Avansi yako iwe bei ya mbao, misumari na kole tu, na ulipe muuza mbao kwa mkono wako mwenyewe. Kila ubao uandike jina lako kwa kalamu nene kabla haujapakiwa. Fundi mwenye nia njema hatakasirika. Atafurahi kwamba mteja amelipa mbao bila yeye kukopa. Sehemu ya pili ya malipo uitoe siku kitu kimekwisha kuungwa lakini hakijapakwa verini. Siku hiyo usitume mtoto, nenda mwenyewe. Verini na mastiki vinaficha mengi: ufa, tundu za wadudu, ubao uliounganishwa vipande vipande. Kwa fotei ni zaidi sana, kwani mifupa yake ikishafunikwa kwa povu na kitambaa, hakuna atakayeiona mpaka siku itakapovunjika chini ya mgeni. Sehemu ya mwisho utailipa mlangoni kwako.

Juu ya mbao, tusidanganyane kwa majina. Mbao ngumu tunazouziwa Goma zinatoka mbali, upande wa Walikale, Beni na Mambasa, na barabara ikifungwa bei inapanda siku hiyohiyo. Utasikia muvula, libuyu, lifaki. Muvula, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita mvule, mchwa hawaipendi. Mikaratusi ya Masisi na Lubero ni rahisi zaidi na ina nguvu, lakini ikifanyiwa kazi ingali mbichi inapinda na kupasuka. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia: kabati lilitoka kwa fundi limenyooka, baada ya miezi miwili mlango haufungi tena.

Ubao mbichi utaujuaje? Ukiuinua ni mzito kupita kiasi, ukiupiga kwa vidole sauti yake ni ya chini, na katikati ni baridi. Kuna njia ya hakika zaidi. Kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya muuza unga, kihifadhi mahali pakavu penye hewa, kisha ukipime tena baada ya juma moja. Uzito ukipungua, mbao bado zina maji. Wazee wa kazi hii wanahesabu kama mwaka mmoja wa kukausha hewani kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Sisi hatuna mwaka. Lakini mwenye kuagiza kitanda cha mwezi wa kumi na mbili anaweza kununua mbao mwezi wa sita na kuzipanga chini ya paa, vijiti katikati ili hewa ipite.

Jambo lingine ni la mji wetu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoka tena, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka. Watu wakaelekea Sake, Minova, Rutshuru na Gisenyi. Vita navyo vimetuhamisha mara ngapi? Kwa hiyo mwombe fundi akutengenezee kitanda kinachofunguka: mbao za ubavuni zishikwe na boloni kichwani na miguuni, si misumari. Kwa ufunguo mmoja kinafunguliwa kwa dakika chache na kuingia kwenye chukudu moja. Kile cha misumari tuliona kikiachwa, au kikivunjwa kwa shoka mlangoni kwa sababu hakikuweza kupita. Viungo vingine, kama vya meza na viti, viwe vya ulimi na tundu, yaani ubao mmoja umechongwa ulimi unaoingia ndani ya mwenzake. Kiti cha misumari mitupu mtoto akikirukia mara tatu kinaanza kucheza.

Vipimo: nunua godoro kwanza, au lipime ulilo nalo. Godoro la sentimita 140 kwa 190 likipewa kitanda cha 140 kamili, shuka haliingii. Ongeza sentimita mbili. Pima pia mlango wa nyumba na, kwa kitanda cha etaje, urefu wa dari, mtoto wa juu aweze kuketi bila kugonga bati. Kizuizi cha juu kizunguke pande zote, na kipite urefu wa godoro, siyo urefu wa ubao tu.

Mapatano yaandikwe, hata kama fundi ni shemeji. Karatasi moja katika nakala mbili: aina ya mbao, vipimo, picha iliyochorwa, bei katika pesa moja, dola au franga, tarehe, na nani analipa usafiri. Mtie sahihi mbele ya mtu wa nyumba kumi au chef wa avenyu. Na dola uitazame kabla ya kutoka nyumbani, mnajua jinsi noti yenye kupasuka kidogo tu inavyokataliwa.

Wenye AVEC wana nguvu ambayo hawaitumii. Wanachama kumi na watano wakiagiza meza kumi na tano za watoto kujifunzia, zote za kipimo kimoja, fundi anakata mbao mara moja na anaweza kushusha bei. Agizo lipangwe lifuate siku ya kugawana akiba, wakati makuta yapo. Kwa kazi nyingi namna hiyo tuulize pia kwenye vituo vinavyofundisha vijana useremala, kama Don Bosco Ngangi, na tuzipe nafasi atelie ndogo za kartie ambazo kijana ametoka shule na hana mteja.

Kitu kikifika, kiweke sakafuni na ukitikise. Kikicheza, angalia kwanza sakafu, maana sakafu zetu juu ya lava si sawa. Kizungushe, na kikicheza kila upande, kosa liko miguuni na fundi alirekebishe kabla ya malipo ya mwisho. Verini iwe imekauka kabisa. Kikinuka bado, kilale kwenye baraza siku mbili tatu, watoto wasilale nacho chumba kimoja, na kisikae karibu na mbabula. Katika nyumba ya mbao, cheche moja kwenye verini mbichi inatosha.