Majina Yamebaki, Wasemaji Wako Wapi?

Wahenga walituusia kwamba tembea uone. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza lugha, ningependa kuongeza: tembea usome. Aghalabu msafiri hukitazama kibao cha barabarani ili ajue amebakiza kilomita ngapi, kisha akakisahau. Lakini jina lililoandikwa hapo ni ushahidi. Hutueleza ni nani waliotangulia kukaa mahali hapo, walisema lugha gani, na pengine waliona nini kilichowafanya wapaite hivyo.

Jambo hili limenijia kwa nguvu kutokana na safari ya mpwa wangu na mumewe, wazaliwa wa Isukha hapa Kakamega, ambao kwa miaka mingi sasa wanaishi Marekani, si mbali na jiji la Chicago. Mke ni muuguzi, mume ni dereva wa lori. Wana watoto wawili waliozaliwa huko. Katika miaka yote hiyo hawakuwa wamepata likizo ya pamoja, na walipoipata, waliwaacha watoto kwa jamaa wakaingia garini kuifuata Barabara Nambari 66. Barabara hiyo ilipewa nambari yake mwaka 1926, ikatoka Chicago hadi pwani ya California, mwendo wa karibu kilomita 3,900 kupitia majimbo manane. Mwaka 1985 iliondolewa katika orodha ya barabara kuu za taifa, lakini vipande vyake vingi vingali vinapitika, na wenye kupenda safari za polepole huviandama mji kwa mji.

Siku tatu za kwanza mpwa wangu alinipigia simu kila jioni. Saa tatu ya usiku kwao ilikuwa saa kumi na moja alfajiri hapa Kakamega, nami huwa nimekwisha kuamka. Usiku wa kwanza walilala Springfield, mji alikozikwa Abraham Lincoln. Mumewe, ambaye amepita njia hizo mara nyingi akiwa na shehena ya watu, alikuwa amekiri kwamba hakupata kuuliza jina lolote maana yake nini. Ndipo mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, wewe msomi wa lugha, Chicago maana yake nini?"

Nilimjibu kwamba jina hilo linatokana na neno shikaakwa, la lugha ya Wamiami na Waillinois, watu waliosema lahaja za lugha moja katika nchi hiyo kabla ya Wazungu kufika. Ni jina la mmea wa porini wa jamii ya vitunguu, wenye harufu kali. Illinois nalo, jina la jimbo zima, lilipitia vinywa vya Waojibwe na Wafaransa, lakini chanzo chake ni kitenzi cha lugha iyo hiyo chenye maana ya "yeye husema kwa namna ya kawaida". Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Jimbo zima limeitwa kwa jina la usemaji, ilhali usemaji wenyewe hausikiki tena sokoni wala barabarani.

Siku ya pili walivuka Mississippi, ambalo kwa Kiojibwe ni mto mkubwa, wakaingia jimbo la Missouri. Jina hilo pia limetoka katika lugha ya Waillinois: maana yake ni watu wenye mitumbwi ya kuchonga. Siku ya tatu waligusa pembe ya Kansas, ambako barabara hiyo hupita kwa kilomita zipatazo 21 tu, kisha wakalala katika mji mdogo wa Oklahoma uitwao Miami. Msomaji asiuchanganye na Miami ya Florida, ambalo ni jina la asili nyingine. Mji huu wa Oklahoma unaitwa kwa jina la wale wale Wamiami waliotuachia neno Chicago, na hapo ndipo yalipo makao makuu ya serikali ya kabila lao.

Je, walifikaje huko, karibu kilomita 1,000 kutoka nchi yao? Hawakwenda kwa likizo. Mwaka 1846 wengi wao waliondolewa kwa nguvu Indiana wakapelekwa Kansas. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani walisukumwa tena hadi Oklahoma, eneo ambalo wenyeji wa Marekani walikuwa wameahidiwa kwamba litakuwa lao. Ahadi hiyo nayo haikudumu: tarehe 22 Aprili 1889, saa sita mchana, sehemu ya eneo hilo ilifunguliwa, na maelfu ya walowezi wakaingia mbio kujikatia mashamba. Mwaka 1907 Oklahoma ikawa jimbo. Jina lake, kwa lugha ya Wachoctaw, maana yake ni watu wekundu.

Msomaji wa Kakamega hana haja ya kuvuka bahari ili aielewe habari hii. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoahidi kwamba ardhi za hifadhi zingekuwa za Waafrika milele. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Kufikia Desemba 1932 sheria ilikuwa imekwisha kubadilishwa, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Hiyo "milele" ilidumu miaka miwili. Athari yake ya kilugha ingali hapa: tuna mahali panapoitwa Rosterman, jina la kampuni ya mgodi uliofungwa mwaka 1952, na vijana wapitao hapo kila siku hulitamka kana kwamba lilikuwako tangu enzi za mababu.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa baina yetu na Wamiami, na juu ya tofauti hiyo ndiyo nimeshika kalamu. Wao walitawanywa, na watoto wao wakakulia katika shule na miji ambamo lugha yao haikuwa na nafasi. Kufikia miaka ya 1960 hakuna aliyesalia miongoni mwa wale walioirithi utotoni. Sisi hatukuhamishwa Isukha, Idakho, Kabras wala Butsotso. Dhahabu ilikwisha, mkoloni akaondoka, nasi tumebaki na milima yetu na mito yetu. Ikiwa lugha zetu zitatoweka, hapatakuwa na askari wa kumlaumu. Tutakuwa tumeziondoa wenyewe, sebuleni mwetu.

Usiku ule wa tatu mpwa wangu aliniambia jambo lililomkaa moyoni. "Mjomba, wanangu wanajua kusema mulembe tu. Basi. Mama akipiga simu kutoka nyumbani, mimi ndiye mkalimani."

Si haki kuwalaumu walio ughaibuni peke yao. Ingia katika mitaa ya mji wetu wa Kakamega, katika nyumba za walimu na makarani na wahadhiri, usikilize watoto wakicheza. Utasikia Kiingereza, utasikia Kiswahili na Sheng. Lwisukha utalisikia kwa nyanya aliyekuja kutembea. Nasi walimu wa Kiswahili tusijifiche nyuma ya Kiingereza. Kiswahili ni lugha yetu ya taifa na ninakitetea kila siku ya maisha yangu, lakini mtoto aliyepokonywa lugha ya bibi yake kwa jina la Kiswahili amepokonywa vile vile. Wengi wetu tulisoma katika shule ambamo mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama alivishwa kibao shingoni. Kibao hicho leo kimehamia nyumbani, ila mzazi hukivisha kwa upole.

Wapo watakaouliza: lugha ya kijijini itamlisha nani? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Hakuna anayependekeza mtoto akose Kiswahili au Kiingereza. Akili ya mtoto si kibuyu kinachojaa kikamwagika. Mwanafunzi anayejua mundu hatataabika sana kuielewa ngeli ya mtu, kwa maana lugha hizi ni ndugu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha zote za Wakenya. Sera tunazo. Kilichokosekana ni uamuzi wa mume na mke mezani.

Uamuzi huo una nguvu kuliko tunavyodhani. Mapema katika miaka ya 1990 mtu mmoja wa kabila la Wamiami, Daryl Baldwin, alianza kujifunza lugha ambayo hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Alisaidiwa na maandishi, zikiwamo kamusi zilizoandikwa na makasisi wa Kifaransa karne tatu zilizopita, na utafiti wa mwanaisimu David Costa. Yeye na mkewe Karen wakaamua kuisema nyumbani, wakawalea nayo watoto wao wanne. Mwaka 2001 kazi hiyo ikapewa makao katika Chuo Kikuu cha Miami, jimboni Ohio, na leo vijana wa kabila hilo wanaisoma. Watu wawili waliifufua kutoka karatasini. Sisi tunayo bado vinywani mwa wazazi wetu, tena bure.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wanaosoma ukurasa huu. Muhula ujao, mpe kila mwanafunzi kazi ya kukusanya majina kumi ya mahali karibu na kwao: mto, kilima, soko, njia panda. Aende kwa wazee akaulize nani alipaita hivyo na kwa nini. Akiwa kando ya barabara ya Kisumu pale Ilesi, ajue kwamba lile jiwe ambalo watalii huambiwa kwa Kiingereza kuwa linalia lina jina lake, Ikhongo Murwi. Akiingia msituni, ajue mutere, murembe na mukombero kabla ya kufunzwa majina yake ya Kilatini. Aandike Isiukhu kwa tahajia sahihi. Madaftari hayo yahifadhiwe katika maktaba ya shule, yasiuzwe kwa wafunga karanga.

Nawe mwanafunzi, usingoje tahajia wala daftari. Jioni ya leo mpigie bibi yako simu, na mkianza kuzungumza, usimpe mama akutafsirie.