Betri ya moyo: gharama haiishii hospitali

MFANYABIASHARA anayewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho wengi hapa nchini wanakiita betri ya moyo, hutoka hospitali akiwa na kasha dogo chini ya ngozi ya kifua na maswali mawili ya kifedha. Je, ni lini atalipia kingine? Na je, kazi aliyokuwa akiifanya bado inamfaa?

Jina hilo la betri limewapotosha wengi. Betri ya lithiamu hufungiwa ndani ya kasha la titani pamoja na mitambo ya elektroniki, na haichomolewi kama ya redio. Inapokaribia kwisha, kasha zima hubadilishwa kwa upasuaji mdogo, huku nyaya zinazoingia moyoni zikiachwa iwapo bado ni nzima. Vifaa vingi hudumu kati ya miaka 5 na 15, kutegemea aina na jinsi moyo unavyokitumia.

Kifaa chenyewe hutoa ishara ya kuchoka mapema, kwa kawaida miezi mitatu kabla ya betri kwisha. Hata hivyo, ishara hiyo husomwa kliniki kwa mashine maalumu. Anayekwepa kliniki ili kuokoa nauli ya basi anaokoa senti na kuhatarisha mtaji wote.

Mfano wa hesabu hiyo ni Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hicho mwilini, Oktoba 1958. Cha kwanza kiliharibika baada ya saa chache tu. Hadi alipofariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, tena kwa saratani na si kwa moyo, alikuwa ametumia vifaa 26. Vya siku hizi hudumu zaidi, lakini kijana wa miaka 30 anayewekewa leo bado anapaswa kutarajia kurudi chumba cha upasuaji mara kadhaa.

Kwa Tanzania, huduma hiyo inapatikana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hivyo si lazima tena kukata tiketi ya India. Lakini vifaa vyenyewe vinatoka nje, kwa makampuni machache kama Medtronic, Abbott, Boston Scientific na Biotronik. Shilingi ikiteleza, mgonjwa naye anateleza.

Ndipo linapokuja suala la mitumba. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kina mpango wa kukusanya vifaa vya marehemu ambavyo betri yake bado ina nguvu, kuvisafisha, kuvipima na kuvipeleka kwa wasioweza kununua vipya. Matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi saba, Kenya ikiwamo, yalitangazwa Novemba 2024, na hayakuonyesha tofauti ya maana ya maambukizi kati ya waliopewa vipya na waliopewa vilivyotumika. Huo ni mpango wa hospitali wenye vipimo vyake. Anayekuja na kasha mfukoni akidai kauziwa kwa bei nafuu ni jambo jingine kabisa.

Kwa upande wa kazi, duka la nguo au genge la nyanya halina tatizo. Wanaopaswa kujihadhari ni mafundi. Maelekezo ya watengenezaji huweka ukomo wa ampea 160 kwa anayechomelea vyuma, na humtaka aweke sentimita 60 kati ya cheche na kifua. Nyaya mbili za mashine zilazwe pamoja, zisiviringishwe begani kama wafanyavyo wengi. Fundi magari naye asiinamie injini inayonguruma. Atakayeona kizunguzungu aache kazi papo hapo na kusogea pembeni; kwa kawaida kifaa hurejea katika hali yake.

Simu inatumika bila wasiwasi, ila isikae mfuko wa shati. Nafasi ya sentimita 15 inatosha, na isikilizwe kwa sikio la upande wa pili. Mwaka 2021 madaktari wa Marekani walionyesha kuwa sumaku ya iPhone 12, ikiwekwa juu ya kifua, iliweza kuzuia kazi ya kifaa cha kushtua moyo, ndugu wa betri ya moyo, ambacho hurusha umeme pale mapigo yanapovurugika. Spika kubwa za muziki nazo zina sumaku. Zisikumbatiwe wakati wa kuzibeba.

Madereva ndio wenye hesabu ngumu zaidi. Nchini Uingereza, dereva wa gari dogo hupumzika wiki moja baada ya kuwekewa betri ya moyo, na wa lori au basi wiki sita. Lakini aliyewekewa kifaa cha kushtua moyo haruhusiwi tena kuendesha lori wala basi. Kwa mwenye lori moja linalosomesha watoto wanne, hilo ni jambo la kumuuliza daktari kabla ya upasuaji, si baada yake.

Kila kifaa huja na kadi yenye jina la mtengenezaji, namba na tarehe ya kuwekwa. Ikae kwenye pochi. Askari wa uwanja wa ndege ataihitaji, na daktari wa mkoa mwingine ataihitaji zaidi.