Je, Wajua? Breki Hutolewa Upepo kwa Mpangilio
Je, wajua kwamba unapotoa upepo kwenye breki, gurudumu la kuanzia lina maana yake? Mafuta ya breki hayabonyei, hewa hubonyea. Ndiyo maana pedali huzama hewa ikiwa ndani ya mabomba. Kwa magari mengi ya usukani wa kulia, masta silinda (pampu kuu ya breki) ipo upande wa dereva, hivyo huanzwa nyuma kushoto penye bomba refu zaidi, kisha nyuma kulia, mbele kushoto na mwisho mbele kulia. Wapo wasemao mpangilio si kitu mradi mapovu yaishe. Lakini breki zilizogawanywa kimshazari huweza kudai mpangilio mwingine, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Kila mara, funga nati ya kutolea upepo kabla mwenzako anayekanyaga pedali hajaiachia, na kikombe cha mafuta kisikauke: kikikauka, hewa huingia upya.